Mlango Mmoja Hautoshi

Aliyejenga nyumba ya mawe ya Lamu hakuwa mjinga. Mgeni akija husimama dakani, akabisha hodi na kutoa salamu. Akikaribishwa huingia tekani, na hapo ukuta humkinga asiyaone ya wenyeji. Akipita hapo ndipo afike kiwandani, kisha msanani, na nyuma ya msana kuna ndani, waliko wenyewe na vitu vyao vya thamani. Si kila aliyefika dakani alifika kiwandani, wala si kila aliyefika kiwandani aliujua ndani. Mlango wa mbele, pamoja na unene wake, nakshi zake na komeo lake, haukuachiwa peke yake kazi ya kuilinda nyumba. Wazee wetu walilijua jambo ambalo sisi wajukuu zao tumelisahau, nalo ni kwamba mlango mmoja hautoshi.

Nayasema haya kwa sababu hivi leo karibu sote tumejenga nyumba ya pili, nayo tunatembea nayo mfukoni. Nyumba hiyo ni simu, na vyumba vyake ni zile akaunti tulizozifungua humo: ya pesa, ya barua-pepe, ya picha, ya kuzungumza na jamaa, ya serikali. Nyumba hii ya pili ina mali na siri kuliko ile ya kwanza. Lakini aghalabu ina mlango mmoja tu, na ufunguo wake ni mwaka wa kuzaliwa mwenyewe.

YALIYOMO NDANI

Tuhesabu pamoja, ndugu msomaji. M-Pesa ilianza nchini humu mwezi wa Machi mwaka 2007, na tangu hapo mshahara, karo, mahari, mchango wa maziko na sadaka ya Ijumaa vyote vimeingia simuni. Atakaye pasipoti hana budi kuwa na akaunti ya eCitizen. Mfanyabiashara hulipa kodi yake kwa akaunti ya iTax. Jamaa zetu walioko Maskati, Dubai na Jeddah hutuma fedha, na hutuma pia picha za watoto, vyeti vya hospitali na maneno ya faragha baina ya mume na mke. Katika kikundi cha ukoo mna namba za watu mia, wake kwa waume. Mweka hazina wa msikiti ana orodha ya waliotoa na ya waliosaidiwa, na wale waliosaidiwa hawakutaka majina yao yajulikane.

Basi hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu husema, "Mimi sina kitu, mwizi ataniibia nini?" Husema hivyo wakidhani kwamba akaunti ni mali ya mwenye simu peke yake. Sivyo. Picha ya binti ya dada yako si yako. Siri ya jirani aliyekuandikia shida yake si yako. Hata jina lako, ambalo kwalo watu hukuamini na kukukopesha, lina haki za wengine ndani yake. Vyote hivyo ni amana. Na mwenye kushika amana, kama tulivyofunzwa tangu chuoni tukiwa tumekaa mkekani, huulizwa alivyoilinda, wala haulizwi kama yeye mwenyewe alikuwa tajiri au maskini.

MWIZI HAVUNJI, HUBISHA HODI

Wengi hudhani kwamba mwizi wa mitandaoni ni bingwa wa hesabu, amekaa chumba cha giza akivunja makufuli kwa mitambo. Wako wa namna hiyo. Lakini mwizi anayetusumbua sisi hana haja ya kuvunja kitu. Yeye hubisha hodi, tena kwa adabu kuliko wageni wote.

Mtaani petu kuna bibi mmoja mtu wa heshima, mwalimu wa madrasa ya watoto. Siku moja alipata ujumbe kutoka namba ya mpwa wake: "Asalaam alaykum khalati, kuna nambari sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, zilikuwa zangu. Tafadhali nitumie." Bibi wa watu akatazama, kweli nambari sita zimeingia. Akazituma, na juu yake akaongeza dua. Dakika haikupita, akaunti yake ya WhatsApp ikawa mikononi mwa mtu asiyemjua. Kumbe ya mpwa wake ilikuwa imekwisha kutekwa kwa hila ile ile. Jioni ile wazazi wa wanafunzi wakapata ujumbe kwa jina la mwalimu: ana mgonjwa, ana dhiki, hana wa kumkimbilia ila wao. Waliotuma hawakuwa wachache, na wote walituma kwa nia njema.

Tuutazame wizi huu kwa makini. Hakuna kilichovunjwa. Nambari zile sita ndizo funguo ambazo WhatsApp hutuma kwenye laini ya mtu anapotaka kuifungua akaunti yake katika simu nyingine. Mwizi aliandika namba ya simu ya yule bibi katika simu yake yeye mwizi, nambari zikaenda kwa mwenyewe, naye akaziomba. Alichokitumia ni salamu, jina la mtu wa karibu, na ile haya yetu ya kutomnyima mtu kitu kidogo alichokiomba kwa upole. Ukarimu wa watu wa pwani ndio uliokuwa ngazi yake.

Wala asiseme mtu kwamba haya huwapata wazee wasiojua mambo. Mwezi wa Julai mwaka 2020 huko Marekani, vijana wachache waliwapigia simu wafanyakazi wa kampuni ya Twitter, wakajifanya ni wenzao wa kazini, mpaka wakapata kuingia katika mitambo ya ndani. Akaunti 130 ziliandamwa, zikiwamo za Barack Obama, Joe Biden na Elon Musk, na watu waliosadiki matangazo ya uongo yaliyotolewa kwa majina hayo wakapoteza zaidi ya dola 100,000. Kiongozi wao alikuwa mvulana wa miaka 17 kutoka Tampa, Florida. Kampuni yenye wahandisi chungu nzima iliingiliwa kwa maneno matamu ya simu, seuze mwalimu wa madrasa.

NENO LA SIRI LISILO SIRI

Hili neno la siri lenyewe, ambalo tumelitegemea kama ngao, lina historia ya aibu. Lilianza kutumika katika tarakilishi mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT huko Marekani, ambako mtambo mmoja ulitumiwa na watu wengi, kila mmoja na saa zake na majalada yake. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa hapo hapo, Allan Scherr, aliona saa alizopewa hazimtoshi. Akauomba mtambo umchapishie jalada la maneno ya siri ya watu wote, nao ukamchapishia. Akawa anaingia kwa majina ya wenziwe. Kwa hivyo neno la siri liliibwa likiwa bado changa.

Tangu siku hizo wizi umekua. Mwaka 2009 kampuni iitwayo RockYou iliibiwa maneno ya siri milioni 32, na yote yalikuwa yamewekwa wazi bila ya kufichwa. Wataalamu walipoyatazama waliona kwamba neno lililopendwa na watu kuliko yote lilikuwa 123456. Akaunti za Yahoo ziliibwa mwaka 2013, na mwaka 2017 kampuni ikakiri kwamba zilizoguswa ni zote, yaani bilioni tatu. Maneno yanayoibwa hukusanywa, huuzwa, na huwa orodha ambayo wezi huijaribu katika kila mlango duniani.

Hapo ndipo inapoingia hatari ya ufunguo mmoja wa milango mingi. Mtu ana neno moja la siri, analitumia katika barua-pepe, katika Facebook, katika duka la mtandaoni alikonunua viatu mara moja miaka sita iliyopita. Duka lile linaibiwa, naye hana habari. Mwizi anachukua neno lile la viatu na kulijaribu katika barua-pepe, na barua-pepe inafunguka. Na barua-pepe ni mama wa akaunti zote, kwani ukisahau neno la siri la mahali popote, jipya hutumwa huko. Aliyeishika barua-pepe yako amekishika kishada kizima cha funguo.

Kisha kuna yale maswali ambayo baadhi ya makampuni huyauliza ili kumthibitisha mtu. Jina la mama yako? Umezaliwa wapi? Swali hilo huenda likafaa mahali ambapo mtu hamjui jirani yake. Kwetu sisi, ambako mtu huitwa mwana wa fulani binti fulani na nasaba yake hutajwa arusini mbele ya watu mia tatu, jina la mama ni siri gani? Kadhalika namba ya kitambulisho na namba ya simu. Kila jumba tunaloingia Mombasa au Nairobi askari wa mlangoni ana daftari, nasi tunaandika jina, kitambulisho na simu, chini ya jina la aliyetutangulia na juu ya jina la atakayetufuata. Mtu akikupigia na kukutajia jina lako kamili na namba ya kitambulisho chako, hilo si ushahidi kwamba anatoka benki. Ni ushahidi tu kwamba amesoma daftari.

Na namba ya siri ya M-Pesa ni tarakimu nne, yaani ziko njia 10,000 tu za kuipanga. Mitambo humfungia mtu akikosea mara chache, na hiyo ni kinga kubwa. Lakini ukichagua mwaka wako wa kuzaliwa, ambao umo katika kitambulisho chako, umempunguzia mwizi zile elfu kumi zikawa moja.

SHAHIDI WA PILI

Dawa iko, na kwa mtu aliyesoma chuoni wala si ngeni. Iko habari mashuhuri katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Abu Musa al-Ash'ari alikwenda kwa Sayyidna Umar, akabisha hodi mara tatu, asipate idhini, akarudi zake. Alipoulizwa mbona amerudi, akajibu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amefunza hivyo: ukibisha mara tatu usipojibiwa, rudi. Umar akamtaka alete shahidi mwingine aliyeyasikia maneno hayo. Abu Said al-Khudri ndiye aliyekwenda kushuhudia.

Mna mafunzo mawili humo. La kwanza, idadi ya kubisha ina mpaka. Zile simu zetu zinazojifunga mtu akikosea mara kadhaa zimefuata adabu ya zamani. La pili ndilo kubwa. Umar hakumtuhumu Abu Musa, swahaba aliyejulikana kwa uaminifu. Alitaka shahidi kwa sababu jambo lilikuwa zito, na jambo zito halisimami kwa neno la mtu mmoja. Ndiyo maana hata deni tumeamrishwa kuliandika na kuliwekea mashahidi wawili, ijapokuwa baina ya marafiki.

Hicho ndicho wataalamu wa leo wanachokiita uthibitisho wa hatua mbili. Neno la siri ni shahidi wa kwanza, nalo ni kitu unachokijua. Shahidi wa pili ni kitu ulichonacho mkononi, kama simu yako, au alama ya mwili wako, kama kidole. Mwizi akiliiba neno lako akiwa mji wa mbali, atalitoa, na mlango utamwuliza: yuko wapi shahidi wa pili? Hapo atakwama.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2019 Microsoft ilisema kwamba hatua ya pili huzuia asilimia 99.9 ya mashambulio ya kuteka akaunti. Mwaka huo huo Google, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Marekani, ilichunguza aina za shahidi huyu. Nambari zinazotumwa kwa ujumbe wa simu zilizuia mashambulio yote yanayofanywa na mitambo peke yake, asilimia 96 ya hadaa za jumla, na asilimia 76 ya mashambulio yaliyomlenga mtu maalumu. Swali linalotokea kwenye simu yenyewe, "Je, ni wewe?", lilizuia asilimia 99 ya hadaa za jumla na 90 ya zile za kumlenga mtu. Kifaa kidogo cha ufunguo kinachochomekwa kwenye tarakilishi kilizuia zote.

Tofauti ya tarakimu hizo ina maana kwetu. Nambari inayokuja kwa ujumbe ni shahidi, lakini ni shahidi anayeweza kurubuniwa. Kwanza, mwenyewe anaweza kuitoa, kama yule mwalimu. Pili, laini yenyewe inaweza kuhamishwa. Mwizi humdanganya au humhonga mtu wa kusajili laini, akapewa kadi mpya yenye namba yako. Simu yako inakosa mtandao ghafula, na tangu dakika hiyo kila nambari ya siri inakwenda kwake. Kwa hivyo bora zaidi ni ile programu ya kuthibitisha, ambayo hutunga nambari zake ndani ya simu yako yenyewe na kuzibadilisha kila baada ya nusu dakika. Na bora kuliko hiyo ni funguo za siri za namna mpya, ambazo Apple, Google na Microsoft walitangaza mwaka 2022 kwamba watazieneza pamoja. Hapo hakuna neno la kukariri wala nambari ya kuandika. Unaweka kidole, na simu inazungumza na mlango wa kweli tu. Ukipelekwa kwenye mlango bandia, ufunguo haufungui. Mwizi wa maneno matamu hana cha kukuomba, kwa kuwa nawe huna neno la kumpa.

YA KUFANYWA

Sitaki kumwacha msomaji na nasaha za hewani. Haya yanaweza kufanywa leo baada ya alasiri, nayo hayazidi saa moja.

Anza na barua-pepe, kwa kuwa ndiyo mama. Ipe neno la siri lake peke yake, na uiwekee hatua ya pili. Kisha WhatsApp: fungua mipangilio, uende kwenye akaunti, uchague uthibitishaji wa hatua mbili, na uweke tarakimu sita unazozijua wewe. Kinga hii imekuwapo kwa watu wote tangu mwaka 2017, na wengi hawajaigusa. Usipoiweka wewe, mwizi akiingia ataiweka yeye, na hapo utangoja siku saba kabla ya kuirudia akaunti yako bila ya tarakimu zake. Siku saba za kukaa nje ya mlango wako mwenyewe! Mle mle kwenye mipangilio tazama pia vifaa vilivyounganishwa, na usichokijua kiondoe.

Ama neno la siri, urefu ni bora kuliko ugumu. Kwa miaka mingi tuliambiwa tuchanganye herufi kubwa, tarakimu na alama za ajabu, na tubadilishe kila miezi mitatu. Bill Burr, mtaalamu wa serikali ya Marekani aliyeiandika kanuni hiyo mwaka 2003, alisema mwaka 2017 kwamba anajuta, na taasisi yake ya NIST ikaigeuza kanuni. Sasa hushauri neno refu, lisilokuwamo katika orodha za yaliyoibwa, lisilobadilishwa ila kwa sababu. Chukua maneno manne yasiyohusiana, mathalan kanzu, embe, ngarawa, tisini. Bila shaka hayo usiyatumie tena, yamekwisha kuchapwa gazetini. Wala usitumie methali au mshororo wa shairi linalojulikana, kwani linalokaririwa na watu wote si siri.

Kwa akaunti nyingi, tumia kidhibiti cha maneno ya siri kilichomo katika simu au kivinjari, au andika katika daftari uliweke sandukuni nyumbani. Wako watakaocheka daftari. Lakini mwizi wa ng'ambo hawezi kulifikia sanduku lako, ila analifikia neno moja ulilolirudia mara kumi.

Ama laini, piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mwenye laini ya Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe ila dukani kwa kampuni yenyewe. Na simu ikikosa mtandao ghafula huku za wenzako zinafanya kazi, usingoje hata kesho. Azima simu, uwaarifu kampuni na benki mara moja.

KUKATAA KWA ADABU

Hayo ni makufuli. Lakini kufuli halimsaidii mtu anayeona haya kusema hapana, na mimi naona hapa ndipo penye ugonjwa wetu hasa. Tumelelewa kwamba kumnyima aombaye kwa upole ni ufidhuli. Mtoto akitaka namba ya siri ya M-Pesa ya babu yake ili amtumie pesa, hupewa. Kijana wa saiba akimfungulia mzee akaunti ya eCitizen, neno la siri hulichagua kijana, na barua-pepe ni ya kijana. Mzee huondoka na karatasi yake akishukuru, na mlango wa nyumba yake ameuacha katika mfuko wa mtu asiyemjua jina.

Nasema kwamba desturi yetu yenyewe, tukiisoma vizuri, haituamrishi hivyo. Katika Suratun-Nur, pale pale tulipofunzwa kutoingia nyumba za watu ila kwa idhini na salamu, tumefunzwa pia kwamba tukiambiwa turudi, turudi, na kwamba hilo ni safi zaidi kwetu. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba ana haki ya kukataa, na mgeni hana haki ya kuona uchungu. Kumrudisha mtu mlangoni si utovu wa adabu, na anayekasirika kwa kurudishwa ndiye aliyekosa adabu. Basi mtu akiomba nambari iliyoingia simuni mwako, awe mpwa, awe imamu, awe mtu wa benki, mwambie, "Samahani, hizi hazitolewi." Kama ni mpwa kweli, mpigie umsikie sauti, tena mwulize jambo ambalo ninyi wawili mnalijua. Benki ya kweli na kampuni ya simu ya kweli hazikuulizi namba yako ya siri.

Vijana nao wana deni. Ukiwa wewe ndiye mwenye kuijua simu nyumbani, usimfanyie bibi yako mambo yake kwa siri zake. Kaa naye, aguse mwenyewe, achague tarakimu zake, nawe utazame pembeni kama tunavyotazama pembeni mtu anapobadilisha nguo. Kijana wa saiba na afanye hivyo hivyo. Kumfundisha mtu mzima kufunga mlango wake ni sadaka.

MZIGO WA WAKUBWA

Hata hivyo haifai kumtwika mwananchi mzigo wote. Laini ikihamishwa kwa hila, aliyefunguliwa mlango hakuufungua yeye. Umefunguliwa na mtu wa kampuni au wakala wake. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya makosa ya tarakilishi ya mwaka 2018 inamtishia anayeingia katika mtambo bila idhini kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi shilingi milioni tano, au vyote viwili. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inawalazimu wanaokusanya habari za watu kuzilinda. Sheria tunazo. Tunachokitaka ni kuona daftari la mlangoni likiulizwa habari zake, wakala mla rushwa akifikishwa mahakamani, na makampuni yakiiweka hatua ya pili kuwa desturi tangu siku ya kwanza, badala ya kuificha nyuma ya mipangilio ambamo mzee wa miaka sabini hawezi kufika. Nao waieleze kwa Kiswahili cha watu, si kwa Kiswahili kilichotafsiriwa na mtambo.

Jambo la mwisho ni la wasia. Mtu akifa na siri zote kichwani, huacha madeni yasiyojulikana na amana zisizorudishwa. Zile nambari za akiba ambazo akaunti hukupa unapoweka hatua ya pili, zichape, uzitie katika bahasha, uifunge, na umwambie mmoja unayemwamini mahali ilipo. Kufunga mlango ni wajibu, na kuwaachia warithi njia ya kuufungua ni wajibu pia.

Wako wanaosema, "Mimi nimemtegemea Mungu." Ni maneno mazuri. Lakini yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Ngamia wetu wa leo amebeba mizigo ya watu wengi. Kwa hivyo namwachia msomaji ubeti huu auweke moyoni, maadamu hauwezi kuwa neno la siri:

Mlango ufunge vyema, funguo usizitowe,
Na ajaye kwa hekima, akiomba utambuwe,
Si kila mwenye huruma, siri yako aambiwe,
Kuilinda ni lazima, amana isichezewe.